Jiwe la Liganga na Mtandao Ukumbukao

Chuma si mgeni katika nchi ya Upangwa. Zamani sana, kabla Lugarawa haijawa kata ya Wilaya ya Ludewa, na kabla hospitali yake ya Mtakatifu Yohane haijawa kimbilio la wagonjwa wa milima ile, Wapangwa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri kwa makaa ya miti. Na kazi yao hiyo, pamoja na ya ndugu zao Wafipa, ilistahili kuandikiwa kitabu kizima, nacho kiliandikwa na mtafiti wa Norwe, Randi Barndon, kikatoka mwaka 2004. Mhunzi yeyote, awe wa Upangwa au wa pwani, huijua hali ya chuma chake kwa rangi kiliyonayo motoni, kwani wekundu uliofifia haulingani na umanjano kwa joto, wala umanjano haulingani na weupe. Maarifa hayo ya kuitazama nuru ili kupambanua hali ya kitu kiitoacho ndiyo asili ya elimu ninayokusudia kuieleza, ijapokuwa elimu hiyo imekwenda mbali sana na jiko la mhunzi.

Katika wilaya hiyohiyo upo mlima wa Liganga, ambao hazina yake ya chuma hukadiriwa kuwa tani milioni 126, na chuma hicho hakikukaa peke yake bali kimechanganyika na titaniamu na vanadiamu. Na jirani yake, Mchuchuma, pana makaa ya mawe yakadiriwayo kuwa tani milioni 428. Mwezi wa Septemba 2011 Shirika la Maendeleo ya Taifa, NDC, lilitiliana saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China juu ya machimbo hayo mawili, na baada ya hapo miaka mingi ilipita bila ya tanuri kuwashwa. Mazungumzo ya watu juu ya Liganga aghalabu yamekuwa ya tani, dola na reli, nayo ni mazungumzo ya haki. Lakini mbele ya tani kuna suala lisiloweza kurukwa, yaani nani atakayejua, na kwa chombo gani, kila jiwe litokalo mlimani limebeba chuma kiasi gani na vanadiamu kiasi gani. Suala hilo siku hizi hujibiwa kwa elimu mbili zilizokulia katika nyumba mbalimbali: spektroskopia ya atomi kwa leza, ambayo hulisoma jiwe kwa nuru yake, na mitandao ya neva bandia, ambayo huifasiri nuru hiyo na kuigeuza hesabu. Muradi wangu ni kuonyesha kwamba elimu hizo mbili zimesimama juu ya kanuni moja ya fizikia, na kwamba kanuni hiyo imekuja na sharti lake: mashine haiwezi kukumbuka kisichowekwa ndani yake, na kwa hiyo jiwe la Liganga halitasomwa sawasawa ila na mashine iliyofunzwa kwa jiwe la Liganga.

Tuanze na nuru. Mtu akitupa chembe za chumvi katika moto wa gesi huona mwali umegeuka manjano mara moja, na manjano hiyo ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi, nayo ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutengana ikawa mistari miwili iliyokaribiana mno, mmoja wa nanomita 589.0 na wa pili wa nanomita 589.6. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, waliokuwa wakifundisha Heidelberg katika Ujerumani, walithibitisha tokea mwaka 1859 kwamba kila elementi ina mistari yake ambayo haishirikiani na nyingine, na kwa ithibati hiyo wakagundua elementi mbili ambazo hakuna aliyepata kuziona, kaisiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Karibu karne nzima baadaye, mwaka 1955, Alan Walsh wa Australia aliigeuza njia hiyo: badala ya kutazama nuru itokayo katika atomi alipima nuru inayomezwa na atomi, na chombo kilichozaliwa na fikira yake kikaenea katika maabara za madini duniani, hata za Afrika ya Mashariki, na mpaka leo hutumika kwa dhahabu, kwa shaba na kwa chuma.

Walakini chombo cha Walsh kina adabu zake. Jiwe sharti lisagwe, unga wake uyeyushwe katika asidi kali, maji yake yachujwe na kupimwa, na kila elementi itakiwayo itafutiwe taa yake. Kazi hiyo huchukua muda, huhitaji maabara, na maabara haipandi mlima. Leza ndiyo iliyoufungua mlango mwingine. Theodore Maiman aliiwasha leza ya kwanza katika California mwaka 1960, na haikupita ila miaka miwili kabla Brech na Cross hawajatoa habari ya kwamba pigo la leza likiangushwa juu ya kitu kigumu hukigeuza kuwa mvuke unaong'aa, na kwamba mng'ao huo unaweza kusomwa. Njia hiyo ilivyo sasa ni nyepesi kuelezeka: pigo la muda wa nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde, hukusanywa kwa lenzi mpaka liwe nukta ndogo kuliko kichwa cha sindano, jiwe katika nukta hiyo hupasuka likawa plazima, yaani moshi wa atomi na elektroni wenye joto la digrii elfu kumi au zaidi, mng'ao wa mwanzo, ambao ni mweupe na hauna habari, huachwa upite kwa muda wa kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha, atomi zinapopoa, mistari ya kila elementi hujitokeza, na chombo huiandika yote kwa pamoja, maelfu ya nukta za rangi katika pigo moja. Hakuna asidi wala kusaga. Mwezi wa Agosti 2012 chombo cha namna hiyo kilipiga jiwe katika sayari ya Mirihi kikiwa juu ya gari la Curiosity, na kikalisoma kutoka umbali wa mita chache. Kinachoweza kufanya kazi Mirihi hakishindwi na baridi ya Ludewa.

Hapa inafaa tusogee karibu tuitazame mistari yenyewe. Mmoja wa mistari ya vanadiamu iliyo mikali kupita yote katika nuru ionekanayo kwa macho uko penye nanomita 437.92, na mstari mashuhuri wa chuma uko penye 438.35, baina yao pana nafasi isiyofika nusu ya nanomita. Katika jiwe ambalo chuma ni kingi na vanadiamu ni chache, mstari wa chuma husimama mrefu na mpana, na wa vanadiamu hukaa ubavuni pake, nao wajibu wa chombo ni kuupima mdogo bila ya kuhadaiwa na mkubwa. Lakini hata baada ya kutenganishwa, mistari hiyo miwili haisemi moja kwa moja idadi ya atomi, kwa sababu atomi hainururishi mpaka elektroni yake iwe imepandishwa daraja la juu la nishati na kushuka tena, na wingi wa atomi zilizopandishwa hutegemea joto la plazima. Kujua utegemezi huo ni kumjua Ludwig Boltzmann.

Boltzmann alizaliwa Vienna mwaka 1844 na kufa mwaka 1906 huko Duino, karibu na Trieste, ambako miaka 58 baadaye Abdus Salam wa Pakistan alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia kilichokuja kuwapokea wanafizikia wa nchi zinazoendelea, wa Afrika ya Mashariki wakiwamo. Kanuni yake yaweza kusemwa kwa maneno hivi: mahali penye vitu vingi vinavyogawana joto, uwezekano wa kimoja kukutwa katika hali yenye nishati E hupungua kwa kadiri ya e^(−E/kT), ambapo T ni halijoto na k ni kipimo kisichobadilika. Nishati ikiwa kubwa, hali ile huwa adimu. Halijoto ikiwa kubwa, uadimu ule hupungua. Daraja la juu la mstari wetu wa chuma lina nishati ya elektronivolti 4.31, na la mstari wa vanadiamu lina 3.13. Tukiweka kando uzito wa madaraja na atomi zilizokwisha kupoteza elektroni, kanuni yatuambia kwamba penye kelvini 10,000, kwa kila atomi 10,000, sehemu ya chuma ni kama 67 na ya vanadiamu kama 265. Na plazima ikipoa kufika kelvini 8,000, ya chuma hushuka ikawa 19, na ya vanadiamu ikawa 107. Mistari yote miwili imefifia, lakini haikufifia sawa: wa chuma umepungua karibu mara tatu na nusu, wa vanadiamu mara mbili na nusu. Mpimaji asiyeijua halijoto, akaulinganisha mstari kwa mstari, ataona vanadiamu imeongezeka kwa 41 kwa mia katika jiwe lisilobadilika hata chembe. Katika biashara ya madini kosa la kadiri hiyo latosha kuupindua mkataba.

Kwa bahati njema kanuni inayoleta hatari ndiyo inayoleta dawa. Chuma kina mistari mingi yenye madaraja mbalimbali, na mpimaji akiilinganisha mistari hiyo kwa kanuni ya Boltzmann huipata halijoto ya plazima kutoka katika jiwe lenyewe, bila ya kutia kipimajoto ambacho kingeyeyuka. Mhunzi wa kale aliikisia halijoto kwa rangi. Mwanafizikia huihesabu kwa uwiano wa mistari. Ila hesabu hiyo yataka plazima iliyotulia na mchanganyiko wa jiwe unaojulikana kwa kiasi fulani, na jiwe la mlimani halitoi ahadi hizo. Hapo ndipo watu walipoanza kuzielekeza nyuso zao kwenye mitandao ya neva bandia.

Nasaba ya mitandao hiyo, kinyume cha wengi wanavyodhani, haikuanzia katika kompyuta tu. Ubavu wake mmoja umetoka katika sumaku. Mwaka 1925 Ernst Ising alichapisha uchunguzi juu ya mfano aliopewa na mwalimu wake Wilhelm Lenz: vipande vingi vidogo vya sumaku, kila kimoja kikitazama juu au chini, na kila kimoja kikiathiriwa na jirani zake. Swali lilikuwa jepesi na jibu lake zito, yaani ni lini vipande visivyo na mkuu vitakubaliana kutazama upande mmoja. Fizikia ya takwimu, ambayo Boltzmann ni mmoja wa walioijenga, hujibu kwa kutazama mapigano baina ya nishati, inayotaka mapatano, na joto, linalotaka machafuko. Katika mwaka 1975 Edwards na Anderson, na Sherrington na Kirkpatrick, waliuchunguza mfano mgumu zaidi, ambao baadhi ya jirani hutaka kupatana na wengine hutaka kuhitilafiana, hata ikawa hakuna mpangilio mmoja uwaridhishao wote. Mabonde ya nishati, yaani mipangilio ambayo mfano huo waweza kutulia ndani yake, ni mengi mno, na kuyaelewa kulimpa Giorgio Parisi wa Italia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

John Hopfield, mwanafizikia wa Marekani, aliona mwaka 1982 kwamba mabonde mengi, ambayo kwa wengine yalikuwa taabu, yanaweza kuwa kumbukumbu. Kila kipande cha sumaku akakifanya neuroni, ikiamka au ikilala. Kila kifungo baina ya neuroni mbili akakipa nguvu kwa mfano wa rai ya Donald Hebb ya mwaka 1949, kwamba zile zinazoamka pamoja zifungwe zaidi. Kisha akaonyesha kwamba nishati ya mtandao hushuka kila neuroni inapojirekebisha, mpaka mtandao utue katika bonde, na bonde hilo aghalabu ni mojawapo ya taswira zilizowekwa humo. Katika baadhi ya majaribio yake alitumia mtandao wa neuroni 30, wenye vifungo 435, ambao hali zake zinazowezekana hupita bilioni moja. Ili msomaji wa Njombe, mkoa wa Ludewa, aone jambo lilivyo, na auangalie mkoa wake wakati wa masika: matone mawili ya mvua yaliyoanguka katika mgongo uleule wa milima yaweza kutengana hapohapo, moja likafuata mteremko wa Ruhuhu likaingia Ziwa Nyasa huko Manda, na la pili likafuata Ruhuji mpaka Kilombero na Rufiji. Tone halikuambiwa na mtu liende wapi, umbo la nchi ndilo lililoamua; na kadhalika taswira iliyochakaa au iliyokatika nusu, ikiingizwa katika mtandao wa Hopfield, huteremka yenyewe mpaka kwenye taswira kamili iliyo karibu nayo.

Lakini nchi haina nafasi ya mabonde pasipo kikomo. Amit, Gutfreund na Sompolinsky walionyesha mwaka 1985, kwa zana zilezile za sumaku zenye mabonde mengi, kwamba mtandao wa neuroni N huweza kushika taswira za kubahatisha zisizozidi kama 0.138 ya N. Neuroni 100 hushika takriban taswira 13, na zikizidi, kumbukumbu hazipungui moja moja bali huvurugika zote kwa pamoja. Fauka ya hayo, hata kabla ya kikomo hicho, mtandao hujifanyia mabonde ambayo hakuna aliyeyachimba, mchanganyiko wa taswira tatu au zaidi, na ukitua humo hutoa jibu lenye sura ya ukweli ilhali halijawahi kuwako. Mwaka huohuo wa 1985 David Ackley, Geoffrey Hinton na Terrence Sejnowski walileta mashine waliyoiita kwa jina la Boltzmann, ambayo neuroni zake haziteremki tu, bali huweza pia kupanda kwa uwezekano unaotokana na e^(−E/kT), ili mtandao uweze kutoka katika bonde la uongo na kutafuta la kweli. Kanuni iliyoamua ni atomi ngapi za vanadiamu zitanururisha ndiyo hiyo inayoamua ni neuroni gani itaamka. Tarehe 8 Oktoba 2024 Hopfield na Hinton walitangazwa kuwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na waliouliza kwa nini akili mnemba ipewe tuzo ya fizikia wangeijua nasaba hii wasingeuliza.

Ni wajibu kusema bayana kwamba mitandao inayotumika leo kusoma nuru ya mawe aghalabu si ya Hopfield; ni ya kupitisha habari kutoka mlango wa kuingilia, penye maelfu ya nukta za rangi, mpaka mlango wa kutokea, penye namba moja, kama vile kiasi cha vanadiamu. Lakini fizikia ya takwimu ina neno la kusema juu ya hiyo pia, na neno hilo ndilo zito kuliko yote katika safu hii. Elizabeth Gardner, mwanafizikia wa Uingereza aliyefariki kijana mwaka 1988, alihesabu nafasi iliyomo ndani ya mtandao mwepesi kuliko yote wenye milango N, akaithibitisha kwa njia mpya kadiri iliyojulikana: mtandao huo waweza kushika mifano ya kubahatisha mpaka kiasi cha mara mbili ya N. Tuipime hesabu hiyo kwa jiwe. Chombo kinachoandika nukta 2,000 za rangi kinaupa mtandao milango 2,000, na mtandao wa milango 2,000 waweza kukubali majibu ya ndiyo au hapana 4,000 yaliyotolewa kwa kurusha sarafu. Ukiupa mawe 60 tu, ukauambia lipi lina vanadiamu nyingi na lipi lina chache, utakubali bila ya taabu. Na ukiubadilishia majina yote, ukauambia uongo mtupu, utakubali uongo huo kwa wepesi uleule. Kufaulu kwa mtandao juu ya mawe uliyofunzwa kwayo, basi, si ushahidi wa kitu chochote. Ushahidi ni mawe ambayo haujapata kuyaona, tena yawe ya shimo jingine na kina kingine.

Na mawe yanajua kuhadaa. Pigo lilelile la leza, likianguka juu ya jiwe gumu na juu ya udongo laini, huchimba kiasi tofauti na kuzaa plazima ya joto tofauti; unyevu hubadilisha, ukubwa wa punje hubadilisha, na wingi wa titaniamu katika jiwe hubadilisha mwanga wa jirani zake. Vanadiamu ya kiasi kilekile, ikiwa ndani ya chuma cha Liganga na ikiwa ndani ya jiwe la nchi nyingine, hutoa mistari isiyolingana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na Hudson Angeyo Kalambuka, wamefanya kazi ya miaka katika njia hii, wakiunganisha leza na mitandao ya neva bandia ili kupima urani kidogo sana katika vitu vilivyochanganyika, na kazi yao ni dalili ya kwamba elimu hii ina wenyeji katika eneo letu.

Ushahidi ulio wazi zaidi, hata hivyo, ninaupata Ifakara, ingawa huko kinachosomwa ni molekuli za mbu na nuru ni ya infraredi, wala si atomi. Katika Taasisi ya Afya ya Ifakara, Emmanuel Mwanga na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, walionyesha mwaka 2019 kwamba mbu mkavu akimulikwa kwa nuru hiyo na mashine ikafunzwa, inawezekana kujua alinyonya damu ya mnyama gani. Na ni jambo kubwa kwa wapiganao na malaria. Kisha mwaka 2023 walitoa matokeo ambayo ningependa kila afisa anayenunua mashine za akili mnemba ayasome: mtandao uliofunzwa kukisia umri wa mbu waliofugwa mahali pamoja ulipata sifa njema nyumbani, lakini ulipopelekewa mbu waliofugwa kwingine uliyumba; na dawa yake haikuwa mashine kubwa zaidi, bali kuongeza katika mafunzo sehemu ndogo tu ya mbu wa mahali pale papya. Ikiwa mbu wa namna moja, kwa kutofautiana malezi tu, amewahadaa wenye akili, sembuse jiwe ambalo maumbile yameliumba mara moja tu katika milima ya Ludewa?

Najua lipo jibu la upande wa pili, nalo lastahili kusikilizwa kwa insafu. Husemwa kwamba vyombo vya leza vya kushika mkononi vinauzwa tayari vimefunzwa, kwamba mwenye kununua hupata ndani yake tajiriba ya maelfu ya mawe ya dunia, na kwamba nchi yenye haja nyingi haina sababu ya kupoteza fedha kukusanya mawe ambayo wengine wamekwisha kuyakusanya. Hoja hiyo ina nguvu kwa shaba ya kawaida na kwa chuma cha pua cha viwandani, ambavyo hufanana kila mahali. Kwa jiwe la Liganga haina nguvu, kwa sababu thamani ya pekee ya jiwe hilo imo katika kutofanana kwake, yaani katika ule mchanganyiko wa titaniamu na vanadiamu ambao ndio unaoupotosha mstari. Mashine isiyolijua italipeleka katika bonde la jiwe jingine, na jibu lake litatoka na desimali mbili kama majibu yote ya mashine, wala halitakuwa na alama ya kuonyesha kwamba limekosea. Upande wa mnunuzi utakuwa na maabara yake ng'ambo ya kulikagua. Upande wetu utakuwa na namba tu.

Kinachotakiwa kwa hiyo hakina fahari machoni, nacho ni ghala la mawe. Mawe yakusanywe Liganga shimo kwa shimo na kina kwa kina, pamoja na makaa ya Mchuchuma. Kila moja ligawanywe, nusu ipimwe kwa njia ya polepole ya asidi katika maabara za Dodoma za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, au katika kituo cha madini na jiosayansi cha Afrika kilichoko Kunduchi, na nusu ihifadhiwe na kuandikwa daftarini kwa vizazi vijavyo. Nuru ya kila jiwe ipigwe picha na leza zaidi ya moja, katika ukavu na katika unyevu. Na sehemu ya mawe hayo ifichwe, isitumike kufunza mashine yoyote, ili kila mashine itakayoletwa na kampuni yoyote ijaribiwe kwayo kabla ya kuaminiwa. Sharti hilo la majaribio, pamoja na sharti la kwamba vipimo vyote vya nuru vibaki mali ya nchi, yanafaa kuandikwa katika mkataba sambamba na asilimia za hisa. Kwamba jambo hilo lawezekana hapa kwetu, limekwisha kuonekana katika udongo: Keith Shepherd na Markus Walsh, waliofanya kazi Nairobi katika kituo cha utafiti wa kilimo-misitu, walitoa mwaka 2002 maktaba ya nuru ya udongo yenye sampuli zaidi ya elfu moja za mashariki na kusini mwa Afrika, na kazi nyingi za kupima rutuba zilizofuata zimeegemea fikira hiyo.

Na ghala bila ya wasomaji ni rundo la mawe. Mwanafunzi wa sekondari ya Ludewa anayesoma fizikia hufundishwa madaraja ya atomi kama sura moja na gesi kama sura nyingine, na kama akifika chuo atakutana na mitandao ya neva katika idara ya tatu, kana kwamba ni mambo matatu. Laiti angefundishwa mapema kwamba e^(−E/kT) ni ufunguo wa milango yote hiyo, angeweza kwa karatasi na kikokotoo kuipata ile 41 kwa mia tuliyoihesabu, na kwa saa chache za kompyuta ya kawaida angeujenga mtandao wa Hopfield wa neuroni 30 na kuyaona kwa macho yake mabonde ya uongo yakizaliwa kadiri anavyozidisha taswira. Mtu aliyeyaona mabonde hayo hawezi kuiabudu mashine wala kuiogopa. Ataiuliza ilifunzwa kwa mawe gani, mangapi, na yametoka wapi, na hayo ndiyo maswali matatu ambayo ningetaka yaulizwe kwa Kiswahili mezani siku wataalamu wa pande zote mbili watakapoketi kutia saini bei ya jiwe la Liganga.